Hita ya Maji Inayojiendesha Hata Intaneti Ikikatika

Karibu, mtazamaji. Leo tunaunganisha hita ya maji ya nyumbani na ESP32, bodi ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi, iwake na kuzimika kwa joto na ratiba unayotaka, bila kupitia seva ya kampuni yoyote. Shika jambo moja tangu sasa: uamuzi wa kuwasha na kuzima unakaa kwenye bodi hii iliyo pembeni ya hita. Simu na kompyuta ni za kutazama na kuagiza tu.

Tuanze na umeme. Jaribu mita yako ya kupimia volti kwanza kwenye soketi yenye umeme, uhakikishe inasoma. Kisha zima sakiti breka ya hita, fungua kifuniko bila kugusa waya, upime kati ya waya wa moto na nyutro, halafu moto na ethi. Ikisoma sifuri kote, endelea. Kama hujazoea umeme wa nyumba, sehemu hii mwachie fundi umeme kabisa, wewe ubaki na bodi na programu.

Sasa tazama hii rilei ya buluu, swichi ndogo inayowashwa na bodi. Juu imeandikwa ampea 10. Hita ya kilowati 3 kwenye volti 230 inavuta ampea 13, tena kwa saa nzima au zaidi. Ukiibebesha mzigo huo, vyuma vinavyogusana ndani yake vitapata moto mpaka vigandane, na hapo hita haizimiki hata uagize vipi. Ndiyo maana rilei tunaipa kazi nyepesi ya kuamsha koili ya kontakta, swichi kubwa ya mizigo mizito, na kontakta ndiyo inayobeba hita. Chukua ya ampea 25 inayokata moto na nyutro kwa pamoja. Unaposoma ubavu wake, angalia namba ya AC-1, ambayo ni ya vipasha joto kama hita. Ile ya AC-3 ni ya mota.

Themostati iliyokuja na hita, kikata-joto chake na valvu ya kupunguza presha, usiviguse. Kontakta tunaiweka kabla yake kwenye mstari uleule, ili bodi ikikosea, themostati bado ina uwezo wa kukata.

Twende kwenye sensa ya joto, DS18B20 ya chuma. Waya wa umeme unaingia kwenye volti 3.3, wa ardhi kwenye GND, wa data kwenye pini 4. Rangi hazifanani kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo soma karatasi yake. Kati ya waya wa data na ule wa volti 3.3 funga rezista ya ohmu 4,700. Bila hiyo bodi haitaisoma sensa ipasavyo. Ibane kwenye ukuta wa tangi, chini ya sponji ya kuhifadhi joto. Kwenye bomba la kutolea maji usiweke: maji yakikaa bila kutumika bomba hupoa, na sensa itadai tangi limepoa wakati bado lina moto.

Programu tunaandika kwa ESPHome, zana ya kuandikia bodi kama hii maagizo. Hapa watu wengi wanapitwa: usipobadilisha chochote, bodi ikikosa kuwasiliana na Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, kwa dakika 15 inajiwasha upya. Kwa hita hatutaki hivyo. Kwenye sehemu ya api na ya wifi, andika reboot_timeout: 0s. Kwenye rilei andika restore_mode: ALWAYS_OFF, umeme ukirudi hita isiwake yenyewe kabla joto halijapimwa. Ratiba nayo inahitaji saa isiyotegemea mtandao, basi ongeza moduli ya DS3231 yenye betri yake.

Joto weka nyuzi 60, na hita iwake tena likishuka hadi 55. Usishushe tangi likae kwenye 40 kwa nia ya kubana matumizi, maana bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi humo. Ila nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo funga valvu ya kuchanganya maji kabla ya bomba la kuogea, hasa kama kuna watoto. Lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hula karibu uniti 4.7, yaani saa moja na nusu hivi kwa hita yetu. Panga ratiba kwa hesabu hiyo.

Ongeza masharti ya kuzima: sensa isiposomeka, joto likizidi 75, au hita ikiwaka zaidi ya saa 3. DS18B20 ikipoteza umeme kidogo hutoa 85 kamili, na sharti la pili litaikamata hiyo pia.

Funga vifuniko vyote vya upande wa umeme mkubwa, rudisha breka, tufanye majaribio. Chomoa ruta. Hita iendelee hadi ifike 60, izimike. Maji yakishapoa ikawaka tena, chomoa plagi ya sensa: kontakta ilie "tak" mara bodi itakapojaribu kuisoma tena. Isipolia, zima breka na urudi kwenye masharti yale kabla mtu hajaoga.