Usije na Daftari: Mhadhara kuhusu ushauri nasaha unaomfuata mtu mwenyewe

Mhadhara huu ulitolewa Busia, upande wa Uganda, mbele ya wafanyabiashara wa soko, waendesha boda boda, walimu na wazazi.

Wazee wangu, kina mama, vijana wa stendi, hamjambo? Asanteni kwa kufunga vibanda mapema. Mvua ikianza kupiga mabati nitapaza sauti. Ikizidi tutanyamaza wote mpaka ipite. Kunyamaza ni sehemu ya kazi yangu, kwa hiyo hatutapoteza kitu.

Nianze na daftari. Zamani, kabla sijasomea kazi hii, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alipofariki, mashemeji walitaka shamba liuzwe. Usingizi ukanihama. Rafiki akanielekeza kwa mama mmoja mshauri nasaha, huko Tororo. Nikanunua daftari jipya na kalamu mbili, ya pili ya akiba. Nilijua nitapewa ushauri, nitauandika, nitarudi kuutekeleza. Nikamweleza yote, tangu msiba mpaka kikao cha ukoo. Mwisho nikauliza, "Sasa mama, niuze au nisiuze?" Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikashika kalamu.

Akanitazama, akasema, "Swali hilo limekuchosha kweli."

Basi. Hakuongeza. Nilirudi nyumbani na ukurasa mweupe na hasira, nahesabu nauli niliyoitupa.

Najua hata ninyi mtakasirika vilevile, ndiyo maana nimekubali kuja kuzungumza leo. Na kosa si lenu, ni la jina. Ushauri ni ushauri, na nasaha ni ushauri huohuo uliovaa kanzu. Jina linakuahidi ushauri mara mbili, halafu unaingia hupewi hata mmoja! Waganda husema okubudaabuda, yaani kuliwaza, na hapo wamekaribia zaidi, ingawa kuliwazwa tu nako si kwenyewe.

Tena tumezoea kuambiwa. Bibi harusi ana ssenga wake, yaani shangazi anayemfunda, Waswahili wa pwani wana kungwi na somo, tuna shehe, mchungaji na mzee wa ukoo. Sisemi wameshindwa kazi. Mimi mwenyewe ssenga amenifaa. Hapa Uganda neno ushauri nasaha wengi tulilipata wakati wa UKIMWI. Noerine Kaleeba, baada ya kufiwa na mumewe, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI, pamoja na wenzake mwaka 1987, na mwaka 1990 kikafunguliwa kituo cha AIDS Information Centre, ambako mtu alizungumza na mshauri kabla ya kupimwa damu na baada ya kupata majibu. Kazi ile iliwashika mkono watu wengi sana. Ila iliacha mazoea: ukimwambia mtu nakwenda kwa mshauri, anadhani umekwenda kupima, au kuna mtu atakupa maelekezo.

Ushauri ninaoufanya mimi una mzizi mwingine. Mwanzilishi wake, Carl Rogers, Mmarekani aliyezaliwa karibu na Chicago mwaka 1902, alianza chuo akisomea kilimo, akapitia theolojia, akaishia kwenye saikolojia. Alifanya kazi miaka kumi na miwili na watoto wenye matatizo huko Rochester, jimbo la New York. Kuna mama mmoja alikuwa akimletea habari za mwanawe mtundu. Rogers alishajua chanzo: mama huyu alimkataa mtoto tangu udogoni. Akamweleza kwa upole, akarudia, wiki hadi wiki, wala mama hakuliona. Mwishowe wakakubaliana wameshindwa, wakapeana mikono. Mama alipofika mlangoni akageuka akauliza: hivi hapa huwa mnapokea watu wazima? Akarudi kitini, akaanza kumwaga machungu ya ndoa yake, maneno ambayo hayakuwamo kabisa katika maelezo mazuri ya mtaalamu. Tangu hapo Rogers akazidi kuamini kwamba mwenye kuumia ndiye anayejua panapouma. Sisi tungemwambia mapema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Vijana wa boda, ninyi mnalielewa kuliko maprofesa, na jina la kazi yenu limezaliwa hapahapa mpakani. Katika ushauri huu wewe ndiye umeshika usukani. Mimi ni abiria. Nimekaa nyuma yako, naona barabara unayoiona, shimo ukilipita nami linanirusha. Lakini abiria akinyoosha mkono kushika usukani mnajua kinachofuata.

Rogers aliwaita watu wake wateja, hakuwaita wagonjwa. Kwa Kiswahili neno hilo lina vituko, maana mara moja unaisikia ile sauti ya simu za ng'ambo ya pili kwamba mteja hapatikani. Wa kwangu anapatikana, na ndiye anayeamua tuzungumze nini.

Mambo matatu anayopaswa kuwa nayo mshauri ni haya. Ajitahidi kukuelewa kutoka ndani, jinsi mambo yanavyoonekana ukiwa wewe. Akupokee bila masharti. Na usoni pake na moyoni mwake pawe pamoja, asijifanye. La kwanza na la tatu nitayapita. Hili la masharti ndilo lenye kina kwetu. Mtoto anajifunza mapema ni lini anapendwa. Mvulana akilia anaambiwa mwanamume halii. Msichana akikasirika anaambiwa ataolewa na nani. Anakua anaficha kile kilichomkosesha mapenzi, anakificha mpaka yeye mwenyewe hakioni tena. Sasa akipata saa moja mbele ya mtu ambaye hapunguzi heshima akilia, wala akisema "namchukia mama yangu", kile kilichofichwa huanza kuchungulia. Kukupokea si kukubali kila utendalo. Ukiniambia unampiga mkeo, sitakupigia makofi. Ila sitakufukuza kwa jicho.

Utakachokuta ni chumba na viti viwili, kwa kawaida bila meza katikati. Mtakutana dakika hamsini hivi, mara moja kwa wiki. Siku ya kwanza mtakubaliana malipo, muda, na siri. Siri ina mipaka yake na lazima uambiwe mapema: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtoto anaumizwa, siwezi kukaa nalo peke yangu. Nina pia msimamizi wangu wa kazi ninayemweleza ninavyofanya, bila kutaja jina lako.

Hapa Busia siri ina ugumu wake, maana mji ni mdogo. Wewe unauza mitumba, mimi nanunua mitumba. Kwa hiyo tukikutana sokoni sitakusalimu kwanza. Najua kwetu kumpita mtu bila salamu ni tusi, na mara ya kwanza ilinikereketa kooni. Lakini nikikuita kwa furaha, jirani yako wa kibanda atauliza mmejuana wapi, na utalazimika kutunga uongo papo hapo. Ukinisalimu, nitaitika vizuri na kuuliza bei. Ukinipita, nitajipitia. Usidhani nimejivuna.

Nirudi shambani. Mfano ni wangu mwenyewe, kwa sababu mfano wa mteja sina ruhusa ya kuutoa. Nilirudi Tororo wiki ya pili; nadhani nilitaka kudai nauli yangu. Nikasimulia tena: shamba lao, mashemeji na shamba lao, wao wakiuza shamba lao mimi nitakwenda wapi. Yule mama akasema taratibu, "Shamba lao."

Akanyamaza.

Nikataka kumjibu, nikakuta sina jibu. Miaka kumi na minne nimelima pale. Mihogo ni mkono wangu, ule mwembe nimeupanda mwenyewe mwaka tuliooana. Na siku zote hizo, hata mume wangu akiwa hai, nilikuwa naliita lao. Nikalia kwa namna ambayo hata msibani sikulia. Yeye hakunipa tishu haraka haraka, hakusema nyamaza mama, hakusema Mungu atafanya njia. Alikaa nami tu. Nikasikia sauti yangu inasema, "Naogopa kulitaka." Neno hilo halikuwa limetoka popote kabla ya siku ile. Ukinitajia sasa hivi mtu yeyote mwenye hekima Uganda nzima, asingeweza kuniandikia neno lile daftarini.

Sasa mapungufu, nisije nikawauzia dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1957 Rogers aliandika kwamba zile hali tatu za mshauri, pamoja na nyingine chache, ni za lazima, tena zinatosha. Kwamba ni za lazima, wengi wanakubali. Kwamba zinatosha, wengi wanapinga, na mimi nimo kati ya wapingaji. Mama aliyetolewa nyumbani jana kwa kodi anahitaji pa kulala kwanza. Kumsikiliza vizuri hakulipi kodi. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au siku kadhaa hajalala na hataki kula, huyo anahitaji daktari, na ikibidi hospitali ya magonjwa ya akili kama Butabika. Hapo nitamsindikiza, sitamwachia kiti na kimya. Na wapo watu wanaotaka mazoezi na kazi ya kufanya nyumbani. Ziko mbinu nyingine za namna hiyo, wala sitanuna ukizichagua.

Naona mikono. Mzee, tafadhali... Mzee anauliza kama mambo haya yanashindana na dua. Hapana, mzee wangu. Ukitaka kumtaja Mungu chumbani mwangu utamtaja, na nitasikiliza maana yake kwako. Sitakuombea wala sitakukataza.

Mama pale nyuma, vipindi vingapi? Wengine sita, wengine mwaka. Tunapima njiani, na siku ukitaka kuacha unaacha.

Na wewe baba mwenye kofia? Anauliza: mtu akija akanyamaza dakika zote hamsini, bado unalipwa? (Kicheko.) Nalipwa, baba. Imeshatokea. Wiki iliyofuata akarudi, akakaa kiti kilekile, akaanza kuzungumza.

Alisema nini? (Kicheko.) Baba, nimetoka kukueleza habari za siri sasa hivi.