Dola milioni 60 kwenye mfuko usiotaja wafadhili: HB6 ya Ohio

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko Ohio, Marekani, na muswada mmoja tu: House Bill 6, HB6 kama wenyewe wanavyouita, ulioipa mitambo ya umeme ruzuku kutoka kwenye bili za wateja. Kaka Baraka, tuanzie kwenye mitambo.

BARAKA: Mitambo ni miwili ya nyuklia, Davis-Besse na Perry, yote kando ya Ziwa Erie. Mwenye mali alikuwa FirstEnergy Solutions, kampuni tanzu ya FirstEnergy yenye makao yake Akron. Gesi ya bei rahisi ilikuwa imeshusha bei ya umeme sokoni, nyuklia haina faida tena. Walibisha hodi Washington na kwenye bunge la jimbo wakaambulia patupu, na Machi 2018 ile kampuni tanzu ikaomba kinga ya ufilisi mahakamani.

REHEMA: Kumbe huku nyuma walishaanza kumtengeneza spika.

BARAKA: Ndiyo. Larry Householder aliwahi kuwa spika miaka ya mwanzo ya 2000, akarudi bungeni 2017. Januari hiyo alipanda ndege ya FirstEnergy kwenda kwenye kuapishwa kwa Trump. Machi fedha zikaanza kuingia, dola 250,000 kila robo mwaka. Ila hazikupitia kwake, zilikwenda Generation Now.

REHEMA: Hapa tusipite haraka. Generation Now ilisajiliwa kama asasi ya 501(c)(4), yaani ya ustawi wa jamii. Sheria ya kodi inairuhusu kufanya siasa mradi isiwe ndiyo shughuli yake kuu, na hailazimiki kutangaza nani kaipa fedha. Kamati ya kampeni ya mgombea ikipokea mchango, jina la mtoaji linaandikwa na yeyote anaweza kulisoma. Huku, hakuna.

BARAKA: Na hapo katikati wakaweka mfuko wa pili, Partners for Progress, wa aina ileile. Kampuni inaupa huu, nao unaupa Generation Now. Hata ukivuja ukurasa mmoja, jina la FirstEnergy hulioni. Fedha zikaenda kwenye matangazo na vipeperushi vya wagombea ambao wangempigia Householder kura ya uspika. Januari 2019 akaupata, Aprili muswada ukaletwa, na tarehe 23 Julai 2019 Gavana Mike DeWine akausaini.

REHEMA: Watajie wasikilizaji bei.

BARAKA: Nyuklia dola milioni 150 kwa mwaka, senti 85 kwa mwezi kwa kila nyumba. Ukijumlisha na mengineyo, waendesha mashtaka wanasema dola bilioni 1.3. Na ruzuku nyingine haikuhusu nyuklia hata kidogo: mitambo miwili ya zamani ya makaa ya mawe, Kyger Creek ya Ohio na Clifty Creek iliyoko Indiana. Yaani mteja wa Ohio anachangia moshi wa jimbo jirani! Hiyo ilifikia hadi dola 1.50 kwa mwezi. Walipunguza pia lengo la nishati jadidifu na kuua mpango wa kuokoa umeme.

REHEMA: Na waliotozwa si wateja wa FirstEnergy peke yao. Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wako Columbus na Dayton, ambako umeme unatoka kampuni nyingine, na wao wakatozwa tozo ya makaa.

BARAKA: Wapinzani walitaka wananchi wenyewe waamue kwa kura kama sheria ibaki. Ohio inakupa siku 90 kukusanya saini, na safari hii zilihitajika 265,774 halali. Kwa upande wa pili kukawa na matangazo ya kutisha watu kwamba Wachina wanauchukua umeme wa Ohio, na wakusanya saini wakalipwa waache kazi. Matt Borges, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Republican jimboni, alimlipa mtu wa ndani ya kampeni hiyo dola 15,000 ampe habari. Saini hazikutosha.

REHEMA: Mimi kinachonikera zaidi ni mdhibiti. Sam Randazzo alilipwa na FirstEnergy dola milioni 4.3 mwanzoni mwa 2019, wiki chache kabla ya kuteuliwa mwenyekiti wa tume inayopanga bei za umeme.

BARAKA: Kampuni yenyewe ilikiri malipo hayo mwaka 2021. Randazzo alikana mashtaka, akafariki Aprili 2024 kabla ya kesi kusikilizwa.

REHEMA: Kukamatwa kulianza lini?

BARAKA: Julai 2020, FBI ilimkamata Householder na wenzake. Jumla ya fedha ilikuwa kama dola milioni 60, na Householder alitumia zaidi ya 500,000 kwa mambo yake: madeni ya kadi, nyumba ya Florida, kesi ya biashara. Machi 2023 alipatikana na hatia, Juni akapewa miaka 20. Borges miaka mitano. FirstEnergy ilisaini makubaliano ya kuahirisha mashtaka na kulipa dola milioni 230. Mkurugenzi mkuu wa zamani, Chuck Jones, alishtakiwa na jimbo 2024, kisha na serikali kuu 2025. Anakana.

REHEMA: Milioni 230 dhidi ya bilioni 1.3. Na wenye kufuatilia mifuko hii wafanyeje?

BARAKA: Waombe Fomu 990. Kila mwaka asasi inaijaza kwa mamlaka ya kodi, na inalazimika kutaja asasi nyingine ilizozipa fedha. Kwa hiyo usitafute kwenye fomu ya mpokeaji, kwani huko majina ya wafadhili yamefutwa. Anza na watoaji unaowashuku. Tatizo ni muda: asasi ikiomba nyongeza ya muda, fomu ya 2018 inaweza kufika Novemba 2019. Sheria ilisainiwa Julai, siku za saini zikaisha Oktoba.

REHEMA: Na tozo zenyewe?

BARAKA: Ya nyuklia mahakama iliizuia Desemba 2020 kabla haijaanza kukatwa, bunge likaifuta 2021. Ya makaa iliendelea kwenye bili hadi 2025, ilipofutwa kwa sheria nyingine.