Nani Ametolewa Kafara? Mhadhara kuhusu John Constantine wa kwenye kurasa na wa kwenye skrini

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo. Naona hapa nyuso za watu niliokwisha kuwapigia kelele juu ya jambo hili, na leo nalirudia kwa sababu bado nasikia yaleyale: "Ile filamu ya Constantine ni nzuri, mapepo yametengenezwa vizuri." Mapepo! Kama shida ingekuwa mapepo nisingekuja hapa.

Historia ya katuni za kutisha za Marekani sitaianza. Mambo ya mwaka 1954 mnayajua: Seneti ya Marekani kuzichunguza katuni, na ile Kanuni ya Katuni, masharti waliyojiwekea wachapishaji wenyewe, iliyokataza wafu wanaotembea, wanyonya damu, hata neno lenyewe la kutisha lisikae kwenye jina la gazeti. Mnajua pia kwamba mwaka 1984 gazeti la katuni la Swamp Thing lilianza kutoka bila muhuri wa Kanuni, na mwaka uliofuata, ndani ya gazeti hilohilo, akazaliwa John Constantine. Wachoraji walitaka kumchora mtu mwenye sura ya mwanamuziki Sting. Alan Moore, aliyekuwa akiandika, akawapa huyu. Mtu wa Liverpool, mchawi mjanja anayepambana na mapepo, nywele za manjano, koti la mvua lililochakaa, sigara mdomoni. Mwaka 1988 akapata gazeti lake mwenyewe, Hellblazer, likaenda hadi toleo la 300 mwaka 2013. Na katika miaka yote hiyo alikuwa anazeeka. Mashujaa wengine wa katuni wamegandishwa kwenye ujana wao, ila huyu anaota mvi na kuzika watu.

Kuzika watu. Hapo ndipo penye hoja yangu.

Filamu ya Constantine ya mwaka 2005 niliiona kwenye kibanda cha video, enzi zile tunakaa kwenye mabenchi na mtafsiri ana kipaza sauti chake, anatia Kiswahili juu ya sauti za Wazungu. Keanu Reeves yuko Los Angeles, nywele nyeusi, ana bunduki yenye umbo la msalaba. Vijana wanashangilia. Basi filamu inakwenda, padri rafiki yake anakufa. Kidogo yule bwana anayemtafutia vifaa vyake vya kazi naye anakufa, wadudu wamemjaa. Mwishoni kijana dereva wake, Chas, anakufa. Nyuma yangu kulikuwa na mzee mmoja, hakuwa amesema kitu tangu mwanzo. Akasema kwa sauti: "Huyu bwana kawatoa kafara wote hao." Kibanda kikanyamaza. Mtafsiri mwenyewe alisita, kisha akalidaka neno lile, na kuanzia hapo hadi mwisho akawa anatafsiri hadithi nyingine kabisa: kila Constantine akifungua mdomo, mtafsiri anamsemesha kama mtu mwenye deni.

Ndugu zangu, filamu ile haisemi hivyo. Kwa filamu ile, wale waliuawa na upande wa maovu, na Constantine ni mpiganaji anayeomboleza. Lakini yule mzee, ambaye nina hakika hajawahi kushika gazeti la Hellblazer maishani mwake, alikuwa amelisoma kuliko walioandika filamu. Kwa sababu sisi tumekulia kwenye hadithi hizi. Mtu akitajirika ghafla, swali la kwanza mtaani halihusu mganga aliyemwendea. Tunauliza: nani amekufa kwao?

Sasa fungueni toleo la kwanza kabisa la Hellblazer, lililoandikwa na Jamie Delano na kuchorwa na John Ridgway. Mtu New York anakula, anakula, anakula, na anakufa kwa njaa. Aliyemwingia ni Mnemoth, pepo wa njaa. Aliyemfungulia pepo huyo njia ni Gary Lester, rafiki wa Constantine, mtumwa wa dawa za kulevya. Constantine anarudi kwake London, anamkuta Gary bafuni, kwenye beseni la kuogea, amefunikwa na wadudu mwili mzima. Mchoro ule wa Ridgway, mistari yake membamba, kila mdudu na miguu yake! Lakini huo ndio uoga mdogo. Uoga mkubwa unakuja pepo anapohitaji chombo cha kufungiwa. Constantine anamchukua rafiki yake, mtu dhaifu anayemwamini, anampeleka New York kwa mchawi aitwaye Papa Midnite, na pepo anafungiwa ndani ya mwili wa Gary. Gary anaachwa humo afe pole pole pamoja na ile njaa. Mji unaokoka. Constantine anavaa koti lake anaondoka.

Hilo ni toleo la kwanza na la pili. Mwandishi anamtambulisha shujaa wake kwa kutuonyesha akimtoa rafiki kafara! Ukishasoma hayo, kila mtu anayemkaribia Constantine kwa matoleo mengine 298 unamhurumia.

Najua kuna mtu anataka kuniambia, "Filamu ni filamu, kitabu ni kitabu." Sikatai. Nywele nyeusi, sawa. Los Angeles badala ya London, sawa, ingawa uchungu wa Uingereza ya waziri mkuu Thatcher ndio ulikuwa tui la chakula hiki. Ninacholalamikia ni pale wanapokichukua kisa kilekile, hatua kwa hatua, kisha wanaling'oa deni lililokibeba.

Kisa ni kile cha saratani, Dangerous Habits cha Garth Ennis, mwaka 1991, toleo la 41 hadi 46. Constantine amevuta sigara maisha yake yote, sasa anakohoa damu, na hakuna dawa. Anakwenda kwa rafiki yake Brendan wa Ireland, ambaye roho yake ameiuza kwa mkuu wa kuzimu aitwaye Wa Kwanza wa Walioanguka, na siku ya kulipa imefika. Constantine anamlaghai mkuu huyo kwa kinywaji kilichokuwa maji matakatifu, saa ya kudai inapita, roho ya Brendan inaponyoka. Sasa mkuu wa kuzimu anamsubiri Constantine kwa hamu. Anafanyaje? Roho yake anaiuza tena kwa siri, kwa wakuu wengine wawili. Anapojifikisha mwenyewe kwenye mlango wa mauti, wanakuja watatu, kila mmoja na hati yake. Akifa, watapigana, na mbingu itawamaliza wote. Hawana njia ila kumponya.

Sungura huyo! Ni ujanja wa Sungura tuliosimuliwa na bibi zetu. Lakini Ennis ameweka kitu pembeni: hospitalini Constantine amekutana na mzee Matt, anayekufa kwa ugonjwa uleule. Matt ni mcheshi, ana ujasiri, na hana mkuu wa kuzimu wa kumlaghai. Hana chochote. Mimi kila nikisoma ule ushindi wa mwisho namkumbuka Matt kitandani, na ushindi unanikaa kooni.

Filamu imechukua saratani, ikachukua mlango wa mauti, ikachukua hata ile ishara ya kidole ya matusi anayomwonyesha shetani. Lakini humo Constantine anamwomba Lusifa aiachilie roho ya Isabel, dada wa mpelelezi Angela; kwa kujitoa huko mbingu zinamfungukia, na Lusifa kwa hasira anaing'oa saratani kwa mikono yake ili aishi atende dhambi tena. Onyesho zuri, Peter Stormare ametisha kweli. Ila tazameni kilichofanyika: aliyepona kwa hila sasa amepona kwa wema. Na mzee Matt hayupo. Hakuna anayekufa kitanda cha jirani.

Mwingine ananiuliza kila mara, hasa baada ya ibada: "Wewe mcha Mungu, mambo haya ya kishetani ya nini?" Namjibu hivi. Hadithi inayoonyesha kwamba uchawi ni nguvu ya bure, bunduki ya dhahabu na maneno matatu ya Kilatini, hiyo ndiyo ninayoiogopa mikononi mwa mwanangu. Hellblazer haijawahi kumwonyesha mtu akila bure. Na jalada lake lilisema wazi kwamba ni la wasomaji waliokomaa; wala msinielewe vibaya hapo, namaanisha waliokomaa akili.

Muda naambiwa umebaki dakika chache. Basi harakaharaka: tamthilia ya Constantine ya televisheni ya NBC ya Marekani, mwaka 2014, mwigizaji Matt Ryan, vipindi 13 tu. Sigara walimbania, mtu wa saratani ya mapafu! Lakini kipindi cha nne kilirudi kwa Gary Lester, na safari hii Constantine haondoki. Anaketi karibu na Gary, anayasikia maumivu yale. Hapo walielewa, na ninawashukuru hadi leo. Filamu ya Hellboy ya mwaka 2004, nilitaka kuisemea vizuri, itabidi ingoje. Hadithi ya Sandman pia, pamoja na Constantine wake wa kike, ingoje. Tamthilia ya Swamp Thing ya 2019 waliikatisha mara tu baada ya kipindi cha kwanza kuonyeshwa. Hilo linanichoma, tutalisema siku nyingine.

Kitabu changu cha Hellblazer kiko hapa mezani, kimekunjika lakini kurasa zote zipo. Kipitisheni mkono kwa mkono. Mkifika bafuni kwa Gary, msiharakishe kufunua. Mtazameni kwanza yeye, wadudu baadaye.