Arifa ya Kamera Inayomfikia Mwenye Nyumba Saa 8 Usiku

Mafundi wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Somo la leo ni jinsi ya kuipanga kamera ya ulinzi ipeleke arifa kwenye simu mtu anaporuka ukuta, na inyamaze paka anapopita. Kufunga kamera mnakujua. Kazi nyingi huharibika baada ya hapo, kwenye mipangilio, na mteja huja kugundua siku alipoibiwa.

Arifa hupita hatua kadhaa. Kamera huona kitu. Kifaa huangalia ratiba: huu ni muda wa kulinda au la? Kisha huangalia kimeagizwa kifanye nini. Ndipo taarifa hutoka kupitia ruta, hupita kwenye seva ya mtengenezaji, hufika kwenye simu, na simu nayo lazima ikubali kulia. Hatua moja ikikwama, mteja hapati kitu, na hakuna popote palipoandikwa kwamba hakupata.

Tuanze na saa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Vifaa vingi kutoka China huja vikiwa vimewekwa GMT+8. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni GMT+3. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ni GMT+2. Muscat ni GMT+4. Chukua ratiba ya kuanzia 20:00 hadi 05:00 kwenye kifaa kilichoachwa kwenye saa za China. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, ulinzi utaanza saa 9 alasiri, watoto wakiwa wanacheza uani, na utazimika saa 6 kamili usiku. Yaani kamera inalinda mchana na kulala usiku wa manane. Kwa hiyo weka ukanda wa saa ulio sahihi, zima mabadiliko ya saa za kiangazi maana huku kwetu hayapo, kisha washa NTP, huduma inayorekebisha saa ya kifaa kupitia mtandao, kwa anwani ya pool.ntp.org, poti 123. Usitegemee saa ya ndani peke yake. Ile betri ndogo ya duara kwenye ubao ikifa, umeme ukikatika mara moja tu kifaa kinarudi mwaka 1970 au 2000, na ratiba yote inapotea njia.

Jambo la pili la saa ni la lugha yetu wenyewe. Mteja anakwambia, "Fundi, iwashe saa 2 usiku, izime saa 11 alfajiri." Kifaa huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 2 usiku andika 20:00 na saa 11 alfajiri andika 05:00. Ukiandika 02:00 na 11:00, umempa ulinzi wa kuanzia saa 8 usiku hadi saa 5 asubuhi. Tena vifaa vingi havikubali kipindi kinachovuka usiku wa manane, hivyo kigawe mara mbili: 00:00 hadi 05:00, na 20:00 hadi 24:00. Halafu nakili kwa siku zote 7. Jumatatu peke yake haitoshi.

Sasa tuje kwenye kuona kwenyewe. Ugunduzi wa mwendo wa kawaida haujui mtu ni nini. Unalinganisha picha na picha na kuhesabu sehemu zilizobadilika. Majani ya mgomba, mvua, taa za gari zinazofagia ukuta, nguo kwenye kamba, vyote kwake ni mwendo. Adui mkubwa kuliko hao wote ni buibui. Usiku taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zinazoizunguka lenzi huwavuta wadudu, buibui hufuata wadudu, naye hutanda utando mbele ya kioo. Ukiitazama picha saa 4 usiku utaona nyuzi nene nyeupe zinazong'aa kama kamba za nailoni, kwa sababu ziko sentimita chache tu kutoka kwenye taa. Upepo kidogo ukivuma, nyuzi zinacheza, na vile viboksi vya eneo la ugunduzi vinawaka nusu ya skrini. Mteja atapokea arifa 200 kabla ya adhuhuri ya pili, atazizima zote, na hapo kazi yako imekwisha thamani.

Dawa yake: pangusa kwa brashi kavu laini ya rangi, mara kwa mara, dawa ya wadudu nyunyiza kwenye ukuta na kishikio, kamwe si kwenye kioo. Mahali palipokithiri, zima infraredi ya kamera na ufunge taa ya infraredi ya pembeni, mita 1 au zaidi kutoka kwenye lenzi. Wadudu watafuata taa na kuiacha kamera.

Kama kamera au rekoda (kifaa kinachohifadhi picha za kamera zote) ina uwezo wa kutofautisha mtu na gari, kama AcuSense ya kampuni ya Hikvision au SMD ya kampuni ya Dahua, utumie. Mimi ningemshauri mteja anunue kamera 3 zenye uwezo huo kuliko 6 zisizo nao. Kwenye picha ya skrini chora mstari wa kuvuka au eneo la kuingiliwa, chagua mtu peke yake, na kwenye mstari chagua mwelekeo: kutoka nje kwenda ndani. Mstari usiuchore ukingoni mwa picha. Kamera inahitaji kumwona mtu kabla hajavuka na baada ya kuvuka. Uchore ardhini pale miguu inapokanyaga, usiuchore juu ya ukuta ambako kichwa tu ndicho kinachoonekana kupita. Unyeti anza katikati, jaribu, kisha panda au shuka hatua moja moja.

Ukimaliza hapo, bado hakuna arifa inayotoka. Kila tukio lina ukurasa wa kuunganisha tukio na kitendo, na hapo ndipo unapoweka tiki. Kwenye Hikvision, kisanduku kinachopeleka arifa kwenye simu kimeandikwa "Notify Surveillance Center". Jina hilo halitaji simu hata kidogo, ndiyo maana mafundi wengi hukiruka. Kisanduku cha barua pepe ni kingine tena. Kumbuka kuhifadhi kabla hujafungua kamera inayofuata, maana kurasa nyingine hazikuulizi.

Kwa upande wa mtandao, arifa za simu hupita kwenye huduma ya wingu ya mtengenezaji. Kifaa ndicho kinachotoka kwenda nje, kwa hiyo huna haja ya kufungua poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, kwenye ruta. Kwenye ruta za laini ya simu hata ukifungua mara nyingi hutafanikiwa, kwa kuwa kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje. Na nawaomba sana: msifungue poti. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi mno duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti kwa majina yake, tovuti kubwa zikaanguka. Badilisha nywila siku ya kwanza. Kifaa kisajili kwa akaunti ya mteja mwenyewe, si yako. Ndugu zake wagawie kupitia programu, na kwenye ruhusa za kugawiwa uwashe na ile ya arifa, vinginevyo wataona picha bila kusikia chochote.

Ukikiwekea kifaa anwani ya kudumu, jaza pia lango la mtandao (anwani ya ruta) na DNS, seva inayogeuza jina kuwa anwani, kwa mfano 8.8.8.8. DNS ikiwa tupu, kifaa hakiwezi kupata seva yoyote kwa jina, hata kama picha inaonekana vizuri mle ndani ya nyumba.

Barua pepe ni njia ya akiba, nami naipenda kwa sababu picha inabaki hata rekoda ikiibwa. Kwa Gmail: seva ni smtp.gmail.com, poti 465 kwa SSL au 587 kwa STARTTLS, ambazo ni njia mbili za kuifunga barua isisomwe njiani. Nywila ya kawaida ya akaunti haifanyi kazi tena. Google ilifunga njia hiyo kwa akaunti binafsi tarehe 30 Mei 2022. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza nywila ya programu yenye herufi 16, uiandike bila nafasi. Mteja akibadilisha nywila ya akaunti yake, ile ya herufi 16 inakufa nayo. Akaunti binafsi ina kikomo cha barua 500 kwa siku, kwa hiyo yule buibui anaweza kukumalizia kabla mwizi hajafika. Kitufe cha kujaribu kikifaulu lakini tukio halitumi chochote, acha kuhangaika na mtandao: kosa liko kwenye ratiba au tiki. Na kamera iliyochomekwa kwenye poti za PoE za rekoda (zinazopitisha umeme na picha kwa waya mmoja) iko kwenye mtandao wa ndani wa rekoda, kwa kawaida haioni intaneti, hivyo barua pepe ipange kwenye rekoda.

Simu nayo ina mambo yake. Kuanzia Android 13 programu lazima ipewe ruhusa ya arifa. Kwenye mipangilio ya betri itoe kwenye orodha ya zinazobanwa, la sivyo simu inaiua usiku ili kutunza chaji. Ipe mlio wake wa peke yake, na iruhusu ipite hata simu ikiwa kwenye hali ya kutosumbuliwa.

Umeme ukikatika, kila kitu kinanyamaza, na ukimya huo unafanana kabisa na usalama. Kamera 4 za wati 6, rekoda ya wati 20 na ruta ya wati 10 ni wati 54. UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ya 650VA yenye betri moja ya 12V 7Ah haitakupa zaidi ya saa moja, tena ikiwa betri ni mpya. Ruta na swichi ya mtandao lazima ziwe kwenye UPS hiyo hiyo. Kifurushi cha siku nacho kinaweza kwisha usiku. Ruta ya kamera iwekee cha mwezi. Vifaa vya Dahua vina barua pepe ya afya ambayo hutumwa kila baada ya muda. Iwashe, ili siku isipokuja mteja ajue mfumo umekatika.

Kabla ya kukabidhi kazi, rudi jioni giza likishaingia. Simu ya mteja iwe kwenye laini, Wi-Fi imezimwa, skrini imelala. Pita kwa miguu mbele ya kila kamera na hesabu sekunde. Kisha chomoa diski kuu isomeke imekosekana, uone kama arifa ya hitilafu inakuja. Rekoda izimwe kwanza kabla ya kuchomoa diski, kisha iwashwe tena. Mwisho zima swichi kuu ya umeme ya nyumba na upite tena mbele ya geti.