Taa Haipimwi kwa Mkono

Assalaam alaykum. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua nitaanza na mkwe wangu. Naam, ndiye.

Nilimpelekea Wete globu ya LED ya wati 9, nikaitia jikoni mwake, nikaitoa ile ya zamani ya wati 60. Usiku akanyanyua mkono, akausogeza karibu. "Mwanangu, hii mbovu. Haina moto." Asubuhi nikaikuta ya zamani imerudi kwenye holda, zawadi yangu imo kabatini, imeviringwa kanga.

Msimcheke. Wengi humu mnapima taa kwa mkono. Ile globu ya waya inang'aa kwa sababu waya umepata moto mpaka ukawaka. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake ni joto tupu. Hebu fikirini Kaskazi, usiku, hata jani halitikisiki: unanunua tukuza, umeme wa kulipia kabla, unapasha moto chumba, halafu unawasha feni ulifukuze joto ulilolinunua mwenyewe!

Hesabu nilimwandikia nyuma ya risiti. Ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku, siku 30: ya wati 60 inakula uniti 9. Ya wati 9 haifiki uniti moja na nusu, na mwangaza karibu sawa, lumeni 800 hivi, lumeni ndiyo kipimo cha mwangaza. Akaisoma, akaikunja. "Haya, irudishe. Lakini ya ukumbini usiniguse."

Yule bwana kule nyuma keshanyanyua kidole: mbona LED nayo shingo hupata moto? Kweli, vidude vyake vya umeme vimo humo shingoni. Ndiyo maana ukiifungia kwenye kibakuli cha kioo kisichopumua hufa mapema, kisha unakwenda barazani kusema umeibiwa.

Na boksi la LED likiandika wati 60 kwa herufi kubwa, tafuteni "sawa na" ilipojificha: maana yake inang'aa kama ile ya zamani ya wati 60, si kwamba inakula wati 60. Wati ni ulaji. Mwangaza ni lumeni.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: 2700, ya manjano, chumbani; 6500, nyeupe, kwa anayeshona. Holda, tazameni ni ya pini au ya kuzungusha. Zile enajisava za mrija zina zebaki. Ikivunjika fungueni madirisha, msizoe kwa mkono mtupu. Hilo lilitaka siku yake, basi tena.

Nimenunua maboksi mawili Darajani, yapitisheni. Mama uliyekaa mbele, nisomee lumeni. Hakuna? Na hilo la pili? Hakuna! Basi ndivyo nilivyouziwa mimi, mwalimu wenu wa taa.