Monk na Coltrane: Kanda Iliyolala Miaka 47

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Leo nina kanda ya wanamuziki wanne tu wa jazz: Thelonious Monk kwenye piano, John Coltrane kwenye saksofoni, Ahmed Abdul-Malik kwenye besi na Shadow Wilson kwenye dramu.

Mwaka 1957 walipiga pamoja kwa miezi kadhaa katika klabu ya Five Spot, New York, na waliowasikia hawakuacha kuwasimulia. Sisi wa baadaye tuliambulia simulizi. Coltrane alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine, kwa hiyo studio ilituachia nyimbo tatu tu za Monk na Coltrane wakiwa kundi la watu wanne.

Tarehe 29 Novemba mwaka huohuo walipanda jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa New York, katika onyesho la kuchangia kituo cha jamii cha mtaa wa Harlem. Sauti ya Amerika, redio ambayo wengi wenu mmeisikia kwa Kiswahili, ikawarekodi. Kanda zikawekwa, zikasahaulika. Mapema mwaka 2005 Larry Appelbaum wa Maktaba ya Bunge la Marekani alikuwa akipitia kanda kuukuu ili zihifadhiwe kidijitali, akakuta moja imeandikwa kwa mkono: T. Monk. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ya rekodi ya Blue Note wakaitoa.

Wengi husema inapendwa kwa sababu ni adimu. Siafiki. Uadimu huchosha ukishasikiliza mara ya tatu, na hii haijanichosha. Kinachonishika ni jinsi walivyozoeana. Sikilizeni “Monk's Mood”, wimbo wa kwanza: Coltrane anavuta noti ndefu, hana papara, huku Monk akimwaga noti kutoka juu ya kinanda hadi chini. Piano ya ukumbi ule ilikuwa nzuri, naye anaifaidi kwelikweli.

Kwenye “Evidence” Monk anagonga mojamoja, pale usipotarajia. Mpigaji mgeni angepotea hapo. Coltrane hapotei. Mapema mwaka ule mpiga tarumbeta Miles Davis alikuwa amemwondoa kwenye bendi yake kwa sababu ya heroini. Coltrane akaacha heroini, na kazi ya kila usiku na Monk ikawa shule yake. Mtu huyo ndiye tunayemsikia hapa, na kila nikimsikia nafurahi kwa ajili yake.

Sasa tusikilize “Sweet and Lovely”. Inaanza polepole, kisha katikati mwendo unaongezeka maradufu. Hapo mtegeeni sikio Shadow Wilson, maana watu humsahau.