Mti wa upinde hautafutwi kwa jina

(Mhadhara kwa vijana wa mafunzo ya amali, Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, maalim wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa mpaka madirishani, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya mti wa kutengenezea upinde, tena wa bei nafuu. Kila kijana anayenijia huanza na swali hilo hilo: "Maalim, mti gani mzuri kwa upinde?" Akishatajiwa jina huenda kulitafuta. Ama hulikosa, ama hulikuta kwa bei ya kitanda kizima, na habari ya upinde ikaishia hapo. Mimi nasema swali lenyewe limekaa upande. Uliza kwanza: nyuzi za mti huu zimenyooka?

Tazameni upinde unavyofanya kazi. Ukiuvuta, upande unaoelekea kwenye shabaha, ambao tutauita mgongo, unanyooshwa kwa nguvu. Upande unaokutazama wewe, yaani tumbo, unabanwa. Mti ukishindwa, mara nyingi huanza kushindwa mgongoni, na hasa pale ambapo nyuzi zake zimekatwa. Nyuzi zikitokea ubavuni katikati ya njia badala ya kwenda mpaka nchani, hapo ndipo patakapopasuka, hata mti uwe mgumu namna gani. Ubao ghali wenye nyuzi zilizopinda utavunjika siku moja na ubao rahisi wenye nyuzi zilizopinda. Tofauti ni kwamba ule wa kwanza utakuuma zaidi mfukoni.

Na hili la kuhangaikia bei si letu peke yetu. Waingereza, waliosifika kwa pinde ndefu, waliupenda mti wa yuu, mti wa nchi za baridi unaokua taratibu. Kwao haukuwatosha. Mwaka 1472 walitunga sheria kwamba meli za biashara zinazoingia zilete vijiti vinne vya pinde kwa kila tani ya shehena. Manowari yao Mary Rose ilizama mwaka 1545, na ilipoinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982 walizikuta pinde zaidi ya 100 za mti huo. Lakini zama hizo hizo walikuwapo wanakijiji waliojifunza kulenga kwa pinde za miti ya bei rahisi iliyoota karibu nao, na serikali yenyewe iliwaamuru mafundi watengeneze pinde za namna hiyo ili watu wasikose. Leo Mmarekani anayeanza, asiyetaka kugharimika, huenda duka la mbao la kawaida akachagua ubao wa hikori au wa mwaloni mwekundu, akapekua rundo zima mpaka apate mmoja ulionyooka. Wenye duka humwangalia kwa jicho baya, lakini hutoka na upinde.

Na hapa kwetu Tanzania, Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hukata miti ya vichakani, ya jamii ya mkole na mingineyo, mifito tu iliyonyooka. Waata wa upande wa Tsavo, Kenya, waliowinda ndovu, pinde zao zilihitaji mvuto wa zaidi ya ratili 100, kama kilo 45 hivi. Hakuna aliyewauzia ubao wa kupigwa randa.

Basi turudi Pemba. Mimi ningeanzia kwenye mpera. Mti wake ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, unakunjika kabla ya kukata tamaa. Kila shamba linalosafishwa hutoa mipera ya kutupwa au ya kuni. Tatizo ni kwamba matawi ya mpera hupenda kujipinda. Kwa hiyo usitazame matawi, tazama machipukizi yanayoota shinani, hasa kivulini ambako hupanda juu kwa haraka kutafuta jua. Lililonyooka kwa urefu wako, lenye unene wa sentimita tano mpaka saba, bila vifundo vikubwa, hilo ni lako. Mwombe mwenye shamba. Hata kama hana haja nalo, mwombe.

Baada ya mpera, lusina. Huu umeenea mpaka watu wameuchoka, unakatwa na unachipua tena, na machipukizi yake hunyooka. Mvinje nao unapatikana kwa bei ya fito za kujengea, ila una tabia yake: ni mzito, mkaidi, na ukikauka vibaya hupasuka toka kiini mpaka ganda. Ukiupata, upasue katikati kwa urefu siku ile ile. Nusu hukauka kwa amani kuliko mti mzima.

Mwanzi sitausemea sana, kwa sababu unastahili mhadhara wake. Jueni tu kwamba ile ngozi yake ya nje ni hodari sana kwa kunyooshwa, na Wajapani wanaugandisha na mbao wakatengeneza pinde za zaidi ya mita mbili. Ukikata mwanzi, uloweke maji ya bahari wiki kadhaa kama wazee walivyofanya, wanga utoke, bungua wasiupate.

Sasa miti ya kuacha. Mikoko tuiache. Najua boriti za mkandaa zimenyooka zinavutia, na kwa karne nyingi zimevuka bahari mpaka Uarabuni kuezekea majumba. Lakini ukanda ule ndio ukuta wetu na ndio malezi ya samaki wetu, na misitu ya Zanzibar ina sheria yake tangu 1996. Hukati bila ruhusa, hata kijiti kimoja cha upinde. Mkarafuu pia uache. Mchumaji yeyote hapa atakwambia jinsi tawi lake linavyokatika ghafla bila kuonya; mti wenye tabia hiyo unautaka wa nini karibu na uso wako?

Kwa anayetaka ubao wa kununua: nenda kwa mafundi seremala na waunda majahazi, uliza mabaki. Kipande cha sentimita 180 kwa tano kwao ni kero sakafuni. Kitazame uso na ubavu. Mistari yake ianze ncha moja ifike ncha ya pili. Mvule na mkangazi mara nyingi nyuzi zake hugeukana, safu hii huku, safu ile kule, ndiyo maana ukipiga randa huonekana mistari inayong'aa kwa zamu. Hiyo nzuri kwa kabati. Msaji hunyooka vizuri, lakini haupendi kukunjwa sana, na bei yake mnaijua.

Usiniamini mimi, ujaribu mti mwenyewe. Chonga kijiti cha unene wa sentimita moja, urefu wa sentimita 30, kikauke, kisha kikunje polepole mpaka kivunjike. Kikikatika pap, sehemu safi, kama muhogo, mti huo uwe kuni. Kikivunjika kwa kuchanika, kikabaki kimeshikana kwa vibanzi virefu, endelea nao.

Na mti ukiwa laini kidogo? Hapa ndipo watu wasipopajua. Ugumu wa ubao kukunjika hufuata upana wake moja kwa moja, lakini kwa unene hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu: ukizidisha unene maradufu, ugumu huwa mara nane. Hata asilimia 10 ya unene inaongeza ugumu kwa karibu theluthi. Kwa hiyo mti dhaifu usiunenepeshe. Upanue. Mabawa ya sentimita tano au sita kwa upana, membamba kwa unene, yanagawana mzigo, na mti wa kawaida kabisa unakuwa upinde wa kujifunzia wenye mvuto wa kilo 11 au 14. Ndiyo maana nasema jina la mti halinisumbui.

Kukausha: ukishakata, paka ncha zote mbili rangi au gundi, maana maji hutoka haraka nchani na ndipo nyufa zinapoanzia. Menya ganda bila kuujeruhi mti chini yake, kwani uso ule wa nje ndio mgongo wa upinde na nyuzi zake hazijakatwa. Usianike juani. Kata masika yakishapita, weka kivulini penye upepo, kipupwe kitakusaidia. Halafu peleka kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, umekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Mwenye duka atakucheka, mwache acheke. Upinde wa mti mbichi ukiuvuta leo, kesho umeshika umbo la mundu na haurudi.

Na kabla sijasahau: pinde hizi ni za shabaha. Sitaki kusikia mtu kapeleka upinde wake kwenye hifadhi ya Kidike kulenga popo. Popo wa Pemba hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani humu.

Naona mkono. Ndiyo, mwanangu. Anauliza mnazi. Swali zuri. Mnazi si mti mmoja, ni kama miwili: katikati laini, pembeni karibu na ganda mgumu wenye nyuzi nyeusi. Watu wa misitu ya Amerika ya Kusini hutengeneza pinde kwa jamii ya minazi. Chukua ule wa nje wa chini tu, wa mnazi mkongwe ulioangushwa, na uwe na tupa ya ziada kwa sababu utakula makali ya randa.

Na wewe pale nyuma? Kwamba umeshachonga wako na mgongo una kibanzi kinachotaka kunyanyuka. Usiuvute tena. Paka gundi ya mbao, ubandike kipande cha kanga kuukuu mgongo mzima, kaza, uache ukauke. Kanga haitauongezea nguvu, itazuia kibanzi tu.

Kamba, ndiyo, mmenikumbusha. Uzi wa nyavu unafaa, ila si nailoni. Nailoni hunyooka kila ukivuta na mshale hutoka kivivu. Tafuteni wa polista, mfungaji nyavu yeyote Wesha anao, msokote nyuzi kadhaa kwa pamoja na mpake nta ya nyuki.